Kitungi cha Tisa

Jumamosi, saa tatu asubuhi

Mpango ulitandazwa juu ya kifuniko cha jeneza, kwa sababu meza haikuwepo.

Ilikuwa karakana ya Fulgence, mtaa wa Lumumba, chumba cha nyuma, mahali ambapo vumbi la mbao linakukaa puani hadi Jumatatu. Fulgence alikuwa seremala wa majeneza. Wakati wa vita alipiga misumari mchana na usiku, akanunua pikipiki. Sasa risasi zilikuwa zimenyamaza, ingawa hakuna mtu Bunia aliyethubutu kusema kwa sauti kwamba vita vimekwisha. Majeneza matano yalisimama ukutani yakingoja wenyewe.

"Amani hii itaniua," alisema Fulgence.

"Itakukuta sanduku iko tayari," Fiacre akamjibu. "Sasa munyamaze."

Fiacre ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mtu mfupi, shati jeupe lililopigwa pasi, sauti ndogo. Zamani kule Djugu aliongoza watu wenye bunduki. Bunduki alizisalimisha. Sauti ile hakuisalimisha. Alipanga misumari minne juu ya kifuniko.

"Hii ni geti. Polisi wawili. Hii ni salle, batu banaonja pombe. Hii ni hema ya nyuma, stoki. Hii ni ukuta, upande wa mutaro. Fulgence, weye na pikipiki, hapa kwa ukuta, saa tisa na nusu. Mie nitakuwa pamoja na weye."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tajiri mmoja aitwaye Antoine aliandaa foire, maonyesho ya pombe kali. Wiski na rumu kutoka kila upande wa dunia, mezani. Unalipa mlangoni, unapewa kiglasi kidogo, unatembea na marafiki meza kwa meza mkionja na kusema uongo. Chupa zitakazobaki zitarudi Kampala zilikotoka. Na katika zile za kurudi vilikuwemo vitungi kumi na viwili vya udongo, vya rumu nyeusi ya visiwani, vimefungwa kwa nta. Kimoja kati ya hivyo, chini ya rumu, kilikuwa na unga wa dhahabu kutoka machimbo ya Kilo, kama konzi tatu. Mtu wa forodha gani atafungua rumu inayorudi kwao?

Habari ililetwa na Martine, aliyeajiriwa kumimina vinywaji kwenye foire. Alikuwa amesimama mlangoni, kilemba cha kazi tayari kichwani.

"Kimoja kati ya kumi na mbili," alisema. "Kipi, sijui. Vinafanana vyote."

"Njo maana tuko na Hippolyte," alisema Fiacre.

Wote wakamtazama Hippolyte.

Hippolyte alikuwa ameketi juu ya ndoo, mikono magotini. Mikono hiyo ilichimba na kuosha dhahabu kule Kilo miaka kumi na mmoja. Watu wa huko walisema ukimpa Hippolyte viberiti viwili atakuambia kipi kimepungua kijiti kimoja. Mimi nasema vijiti viwili, lakini nani atabishana na watu wa Kilo.

"Bunduki?" aliuliza Fulgence.

"Hakuna. Ukipiga risasi moja tu Bunia hii, muji muzima utabeba magodoro na kukimbia. Askari watamwagika. Tunaiba kimya." Fiacre akaweka juu ya jeneza chupa bapa ya wiski, kifuniko chake kikombe. "Mule hemani iko muzee Ézéchiel, mulinzi. Filimbi shingoni. Hataki mutu aguse kitungi. Hippolyte, unamupa kikombe. Vidonge nimesaga humu. Dakika ishirini, analala. Unainua kimoja kimoja, unapata kizito, unakipitisha juu ya ukuta. Basi."

Hippolyte aliitazama ile chupa kama mtu anavyomtazama nyoka aliyewahi kumuuma.

"Akisema nionje mbele yake?"

"Onja. Tia mu kinywa, tema. Kule bote banatema, kuko ndoo kila meza. Njo namna ya bazungu." Fiacre alitabasamu. "Ndiyo maana nimekuchagua weye. Weye haunywi."

Ni kweli. Mwaka mmoja na miezi miwili hakuwa amemeza tone. Kabla ya hapo alikunywa kila kitu. Alikunywa mbegu za maharage za mke wake, Emerance, akanywa blanketi, na mwisho akanywa cherehani, yaani aliiuza siku ya soko na kurudi jioni akinuka kaikpo, ile pombe ya mihogo inayowaka ukiiwashia kiberiti. Emerance hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akaenda kuishi chini ya turubai na wakimbizi wenzake wa Djugu.

Wiki iliyopita Emerance alimwita. Alisimama mlangoni mwa turubai, hakumkaribisha ndani.

"Jumamosi saa kumi kamio ya mizigo inaenda Mahagi-Port," alimwambia. "Navuka ziwa. Kaka yangu iko na shamba kule, anauza kipande. Nimeweka nafasi mbili. Ukija, uje mukavu. Nikisikia hata harufu, nakuacha kwa barabara. Na sitakutafuta tena."

"Nitakuja na kitu mukononi," Hippolyte alisema. "Kuko dhahabu yangu ya zamani, nitaichukua."

Huo ndio uongo pekee aliomwambia katika mwaka mmoja na miezi miwili. Leo alikuwa na kipande cha tangawizi mfukoni, cha kutafuna baadaye, na saa saba za kuufanya uongo ule uwe kweli.

Saa nane na dakika kumi mchana

Salle, ule ukumbi wa kuonja, ilijaa. Wanaume wa mashirika, wafanyabiashara wa mbao, mapadri wawili waliosema wamekuja kuangalia tu. Fiacre alimshika Hippolyte bega kama rafiki wa siku nyingi, wakaenda meza ya kwanza.

"Karibuni, ba papa," alisema Martine kana kwamba hajawahi kuwaona. "Hii ni wiski ya Ekosi, inchi ya Baskoti. Inakaa na moshi."

Hippolyte alijaza kinywa. Ilikuwa kweli. Samaki wa Mahagi-Port aliyekaushwa siku tatu juu ya kuni mbichi, halafu akachomwa pamoja na kikapu chake. Akaizungusha. Kila jino lililokuwa limesahau likakumbuka. Akainama juu ya ndoo, akatema.

"Unasemaje?" Fiacre aliuliza.

"Moshi."

"Mie nasikia matofali. Nyumba ya mutu tajiri ikiungua." Fiacre alimeza yake, akacheka kwa sauti ya watu wasikie. "Twende kwa rumu, ndugu yangu."

Meza ya pili, rumu ilikuwa na ganda la chungwa ndani. Ya tatu ilikuwa sukari iliyoungua chini ya sufuria, ile ambayo watoto hugombania kukwangua. Mfanyabiashara mmoja mnene, jasho likimtoka, alimkamata Hippolyte mkono.

"Weye unatema kitu ya bei hii? Nipe mie, nitakutemea mu tumbo yangu."

Watu wakacheka. Hippolyte naye akacheka. Meza ya nne, ya tano, ya sita. Kila mara ile ndoo. Kila mara ulimi ulitaka kumsaliti, koo lilijivuta lenyewe kama mlango uliotiwa mafuta, na kila mara alitema. Kufika meza ya saba shati lilimganda mgongoni. Aliwaza nafasi mbili kwenye kamio. Mbili. Mwanamke hawezi kuweka nafasi mbili kama hataki.

Saa tisa na dakika tano

Fiacre alimnong'oneza, "Sasa," akatoka kwa mlango wa mbele bila kuangalia nyuma.

Hema ya stoki ilikuwa nyuma ya salle, karibu na ukuta. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya majani makavu. Muzee Ézéchiel alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu, filimbi shingoni. Mbele yake vitungi kumi na viwili kwenye makasha, vyeusi, vifupi, mdomo wa nta.

"Jambo, papa."

"Jambo, mutoto yangu. Huku hakuna kuonja. Rudi mule ndani."

"Mule ndani banaonja bote. Nimesema, na ule papa je? Nani amemupa hata kidogo?"

Mzee alimtazama. Macho yake yalikuwa yamezungukwa na mikunjo kama shamba lililolimwa.

"Tangu asubuhi, hakuna mutu," alisema.

"Basi."

Hippolyte alimimina katika kile kikombe, akampa kwa mikono miwili. Mzee hakukipokea.

"Kwetu kule Djugu, mwenye kumimina anaonja mbele."

"Hata kwetu, papa."

Alitia kinywani. Alizungusha kama wazungu. Akageuka pembeni, akatema kwenye majani, akampa tena kikombe.

Mzee aliangalia majani yaliyolowa. Halafu aliangalia shingo ya Hippolyte.

"Koo yako haikutembea."

"Papa, leo bote banatema. Njo mutindo ya foire."

"Bale banatema kinywaji ya Antoine. Weye unatema kinywaji unanipa mie." Sauti haikupanda. "Kaka yangu mukubwa alikufa na kikombe ya mutu alikuwa anacheka vile unacheka sasa. Kunywa, koo itembee, nione. Ama nipige filimbi."

Vidole vyake vilikuwa vimeshashika filimbi. Polisi wa getini walikuwa hatua thelathini. Ungeweza kusikia mmoja wao akikohoa.

Hippolyte alifikiri mambo matatu kwa mara moja. Kukimbia. Kumpiga mzee. Emerance. La kwanza lilikuwa na polisi. La pili, alimtazama yule mzee, mifupa ya mabega ikionekana chini ya koti la kazi, akajua hawezi. La tatu lilikuwa na kamio ya saa kumi.

Akanywa.

Ilishuka kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Haikubisha hodi. Ilikaa tumboni, ikanyoosha miguu. Machozi yalimlenga Hippolyte, na haikuwa kwa ukali wa pombe.

"Sasa iko muzuri," alisema mzee, akamaliza kikombe. Akapangusa ndevu. Akanyoosha mkono. "Ongeza."

Hippolyte alimimina.

"Onja," alisema mzee kwa upole. "Kila kikombe na yake."

Saa tisa na dakika ishirini na mbili

Walikuwa wamekaa sasa, mzee kwenye kiti, Hippolyte juu ya kasha tupu. Mzee alieleza habari za ng'ombe wanne aliokuwa nao. Jina la mmoja likampotea. Akalitafuta hewani kwa kidole.

"Mutoto yangu. Umenipa nini?"

Hippolyte hakuwa na nguvu ya kutunga uongo mwingine.

"Usingizi, papa."

"Na weye umekunywa."

"Nimekunywa. Mara mbili."

Mzee alimwangalia, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kifuani kisicho na sauti, mabega yakitikisika, mpaka kichwa kikalala juu ya kitambaa cha hema. Filimbi ilipanda na kushuka kifuani pake.

Hippolyte alisimama. Hema nayo ilisimama, baadaye kidogo. Alipiga hesabu: mzee alikuwa mwepesi, amelala baada ya dakika kumi na tano. Yeye labda nusu saa. Basi alikuwa na dakika kama kumi na tatu, na kamio iko kule chini kwenye parking, kituo cha magari.

Akaanza kuinua.

Cha kwanza, rumu. Cha pili, rumu. Alifumba macho, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumdanganya lakini viganja bado. Cha tano kilimsitisha, akakirudia. Udongo mnene tu. Cha sita. Cha saba. Cha nane. Alipokamata cha tisa, mkono ulijua kabla yake. Uzito ulikaa chini kabisa na haukutaka kupanda. Alikiinamisha polepole, na kitu ndani kikahama kwa uvivu, kikichelewa nyuma ya rumu. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekisikia kitu hicho kikihama chini ya maji.

Pazia likafunguka. Martine, sinia mkononi. Alimwona mzee. Alimwona Hippolyte. Akavuta pazia nyuma yake.

"Umekunywa," alisema.

"Alitaka koo itembee."

Martine aliweka sinia chini.

"Fiacre alijua. Alisema, ule muzee ni wa kwetu Djugu, hatakubali kutema. Alisema mutalala pamoja humu, polisi bakute mulinzi na mwizi, basi kesi imekwisha, hakuna wa kutafutwa. Ndiyo maana aliweka vidonge vingi. Pikipiki ni ya batu wawili, Hippolyte. Haukuiona?"

Nyuma ya ukuta injini ilinguruma mara mbili. Hiyo ilikuwa ishara. Fulgence alikuwa amefika, na Fiacre amekaa nyuma yake, mikono tayari kupokea.

"Juu ya nini unaniambia?"

"Sijui. Nipe kitungi, nibapatie, uende."

"Hapana."

"Batakuua."

"Bangoje," alisema Hippolyte. Aliondoa cha kwanza kwenye kasha, kitungi cha rumu tupu, akamwekea mikononi. "Bapatie hii. Fiacre hana mukono ya kupima. Hatajua mpaka afungue."

Saa tisa na dakika thelathini na tano

Alipita getini.

Alikuwa amefikiri atajificha, lakini miguu haikuwa na siri tena. Aliyumba. Alikumbatia kitungi kifuani kwa mikono yote. Polisi wawili walikuwa wamewaona wanaume wa namna hiyo mchana kutwa, wametoka na chupa zao, wakiongea na miti.

"Papa, umeshiba?" mmoja aliuliza.

"Salamia bibi," alisema wa pili. "Akikupiga, usirudishe."

Wakamfungulia. Hivyo ndivyo dhahabu ya Antoine ilivyotoka kwa mlango mkubwa, mchana mweupe, ikisindikizwa na vicheko vya polisi.

Barabara ilipanda na kushuka hata pale ambapo haina kilima. Hippolyte alitafuna tangawizi mpaka ulimi ukaungua. Alijipiga kofi. Alihesabu hatua kwa sauti, akapotea kwenye arobaini, akaanza tena. Mwanamke mwenye beseni la ndizi alimpisha, akaguna. Gari jeupe la askari wa Umoja wa Mataifa lilipita polepole na wote ndani wakamtazama, mlevi mwingine wa Jumamosi. Magoti yakakatika mbele ya duka la simu. Aliinuka. Kitungi hakikugusa chini.

Saa kumi kasoro dakika tatu

Kamio ilikuwa imejaa hadi juu: magunia, magodoro, mbuzi wawili, watu. Injini inawaka. Emerance alikaa juu ya magunia, kitenge cha kijani, na pembeni yake nafasi tupu aliyoilinda kwa mkono wake. Alikuwa anamtafuta kwa macho katika umati. Hippolyte aliona lile jicho likimtafuta, na hata baadaye, gerezani, aliapa kwamba sekunde ile peke yake ilitosha kulipa mchana wote.

Halafu akamwona anavyotembea.

Alifika kwenye ubavu wa kamio. Aliinua kitungi. Emerance aliinama akakipokea, kwa sababu mtu akikunyooshea kitu unapokea, na pumzi ya Hippolyte ikamfikia usoni. Uso wake ukafunga.

"Nilikuambia nini?"

"Emerance." Ulimi ulikuwa gunia la mchanga. "Iko... iko mule ndani."

"Najua iko mule ndani. Kila siku iko mule ndani."

"Hapana. Si... balitia dawa. Muzee alisema..."

"Muzee gani? Leo ni muzee? Mara ile ilikuwa ni shemeji." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali hasira. "Panda basi. Kama uko mukavu, panda."

Alishika ubao wa kamio. Aliweka mguu kwenye gurudumu. Mguu ukateleza. Aliweka tena. Mmoja alinyoosha mkono kumsaidia, na Emerance akasema, "Muache, apande yeye mwenyewe." Vidole vya Hippolyte vilifunguka kimoja kimoja, kama vya mtu mwingine, akakaa chini kwenye vumbi.

Saa kumi

Kamio ikaondoka.

Emerance alikishika kitungi magotini. Kilikuwa kizito, alidhani kimejaa. Alivunja nta kwa meno, akanusa, akanyoosha mkono nje ya ubavu wa kamio, na akakipindua. Alifanya hivyo huku akimtazama Hippolyte usoni, aone anavyomwaga. Macho hayakuteremka barabarani hata mara moja.

Kwanza ilitoka rumu, nyeusi. Kamio ilikuwa inakwenda mwendo wa mguu, na rumu ikachora mstari nyuma yake. Halafu mstari ukabadilika rangi. Kitu kizito, kilicholowa, kilianza kushuka kwa mikupuo, kikaanguka bila kuruka, kikalala kwenye vumbi la barabara ya Mahagi, na jua la saa kumi likakiona kabla ya mtu yeyote.

Hippolyte alitaka kusema angalia chini. Neno moja tu, chini. Kinywa kilifunguka, hakikutoa kitu.

Mwuza karanga ndiye aliyeinama wa kwanza. Akagusa, akalamba kidole. Kisha wakainama wote. Wanawake walimwaga ndizi zao wapate mabeseni. Dereva wa teksi aliacha mlango wazi. Pikipiki ilikuja kasi kutoka upande wa Lumumba, ikimtafuta Hippolyte, watu wawili juu yake, wa nyuma na shati jeupe lililochafuka rumu kifuani. Fiacre aliruka kabla haijasimama, mkono kiunoni kana kwamba bado kuna bunduki pale. Akatazama mstari mrefu wa watu waliopiga magoti. Hakuna bunduki ingeweza kuwainua. Basi naye akapiga magoti, akaanza kukwangua kwa kucha. Polisi waliofika baada yake walimtia pingu mkono mmoja tu, kwa sababu ule mwingine alikataa kuutoa ardhini. Askari mmoja alimjia Hippolyte, akamshika ukosi, akaangalia kwenye barabara, akamwachia, akaenda barabarani, akarudi baadaye magoti yake yakiwa na vumbi, ndipo akamchukua.

Barabara ile imefagiwa mara nyingi kuliko kanisa lolote Ituri. Mvua ikinyesha, mpaka leo utakuta mama na beseni lake pale.

Lakini Hippolyte hakuwa akiangalia barabara. Aliangalia kamio, ilivyofika kwenye kona. Emerance alikitikisa kitungi mara ya mwisho, akagonga kitako chake kwa kiganja, akachungulia ndani kuona kama kimekauka. Chombo kizuri cha udongo, kinene, hakina ufa. Alikisukuma katikati ya mafurushi, kwenye ile nafasi tupu, akakikalisha vizuri kisianguke. Kitamfaa kwa chumvi.